Uzi: Mjomba anataka kuuza kiwanja akachomwe seli shina kwenye diski za mgongo. Nimechimba kidogo, karibuni

#1 Chumvi ya Mawe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mjomba wangu katuma picha ya kiwanja chake cha Kibaha na neno moja tu: "Nauza." Tulipombana ndipo akasema. Ana miaka 58, kaendesha malori ya mizigo tangu kijana, mgongo umemtesa miaka. Sasa kuna dalali wa matibabu kamwambia nje ya nchi kuna hospitali inachoma "seli mama" (ndizo hizo seli shina) kwenye diski, diski inaota upya, mtu anarudi kama wa miaka 25. Sindano moja. Bei yake ndiyo hicho kiwanja.

Mimi si daktari. Nilisomea uhandisi wa vifaa tiba na nikakaa miaka miwili kwenye maabara iliyokuwa inapika haidrojeli, yaani zile jeli za kunywa maji zinazojaribiwa kubeba seli kwenye diski, kwa hiyo nusu ya jambo hili naijua kwa mikono, nusu nyingine nimeisoma. Nitashusha kwa vipande maana natumia simu na chaji imebaki kidogo. Mwenye swali aulize hapo hapo.

#2 Kitasa

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Shusha.

#3 Mama Zuhura

Mwanangu, naomba usituandikie kidaktari. Mimi mgongo wangu huu na wa mjomba wako ni ndugu.

#4 Chumvi ya Mawe

Usijali mama, twende taratibu.

Watu wanasema "pingili zimesagika". Pingili ni mfupa. Kinachochakaa mapema ni kile kinachokaa kati ya pingili na pingili, yaani diski. Mtu mzima anazo 23. Fikirieni shokapu ya gari, ila hii haina chuma wala springi, inafanya kazi kwa maji. Nje kuna pete ya nyuzi za kolajeni zilizopangwa matabaka matabaka kama ukindu wa mkeka, zikipishana. Ndani kuna kiini laini chenye kuteleza, na ujanani zaidi ya asilimia 80 ya kiini hicho ni maji.

Maji hayo yanashikwa na molekuli kubwa inaitwa agrekani. Ina chaji hasi nyingi, kwa hiyo inavuta maji kama chumvi ya mawe inavyovuta unyevu jikoni (hapo mmejua jina langu nimelitoa wapi). Mchana ukisimama na kubeba, maji yanakamuliwa polepole. Usiku ukilala, yanarudi. Ndiyo maana asubuhi unakuwa mrefu kidogo kuliko jioni, mjipime kama mnabisha.

Sasa presha. Mwaka 1999 Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walimwekea mtu mmoja wa kujitolea kihisio ndani ya diski ya kiuno, wakaishi naye wakipima. Akiwa amelala kifudifudi, megapaskali 0.1. Akisimama, 0.5. Akiinama mgongo umepinda kama upinde na kunyanyua kilo 20, ikapanda hadi 2.3. Kwa lugha ya gereji: tairi ya gari ndogo unajaza upepo kama pauni 32. Hiyo 2.3 ni zaidi ya pauni 330. Mara kumi ya tairi! Mzigo ule ule akiukumbatia karibu na kifua, presha inashuka hadi karibu nusu. Ni mtu mmoja tu, sawa, lakini mimi tangu nisome hapo ndoo ya maji nainyanyua kwa adabu.

Ila habari yenyewe ya uzi huu ni hii inayofuata. Diski ya mtu mzima karibu haina damu ndani. Seli iliyo katikati inaweza kuwa milimita 8 kutoka kwenye mshipa wa damu wa karibu. Chakula chake, sukari na oksijeni, kinapenya taratibu kutoka kwenye mfupa, kupitia bamba jembamba la gegedu (ule mfupa laini kama wa sikio) juu na chini. Uchafu nao, asidi laktiki, unatokea mlango huo huo. Kwa umri bamba lile linakuwa gumu, mlango unabana. Ndani kunakuwa na njaa na uchachu. Seli zinachoka, agrekani inavunjwa kuliko inavyotengenezwa, maji yanakosa wa kuyashika, shokapu inakaa.

Shikeni huo mlango kichwani, tutaurudia.

#5 Dereva wa Tunduma

Mkuu umenigusa. Mimi picha yangu ya MRI imeandikwa L4/L5 na L5/S1, yaani diski mbili za chini kabisa kiunoni, zimechakaa na moja imechomoza. Nina miaka 41. Daktari kaongea dakika mbili, kanipa dawa, kaniambia nipunguze kuendesha. Nipunguze nile nini? Tangu siku hiyo natembea kama nimebeba mayai.

#6 Chumvi ya Mawe

Pole sana kaka. Karatasi ya MRI inatisha watu kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti 33 zenye watu 3,110 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo. Wenye miaka 20, asilimia 37 tayari diski zao zimechakaa kwenye picha. Wenye miaka 80, asilimia 96. Hao ni watu wanaokula, wanacheza, hawajui hata diski ni nini.

Sisemi huumwi. Nasema neno "imechakaa" kwenye karatasi halitoshi kujua kinachouma ni nini. Na hili ni tatizo kubwa hata kwa hao wa sindano: unaweza kuikarabati diski ambayo haikuwa na kesi.

#7 Bi Mkunazi

Naunga mkono, mimi ni mfiziotherapia huku Tanga, mwaka wa 14 kazini. Kaka Dereva, acha kutembea kama una mayai, misuli ndiyo itakuaga. Tembea kawaida, ongeza kidogo kidogo, tafuta mtu akufundishe mazoezi ya kiuno na nyonga. Ukiwa safarini shuka kwenye lori kila baada ya saa moja au mbili ujinyooshe.

Lakini wote mnaosoma hapa: ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, au mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, au mguu unalegea ghafla, hiyo si ya kusubiri kesho wala kuuliza mtandaoni. Hospitali usiku huo huo.

#8 Nabii wa Mbagala

Mnahangaika bure. Dawa ya mgongo ipo, wazungu wanaificha. Nitafute inboksi, chupa mbili tu unasahau.

#9 Msimamizi

Tangazo la kwanza limefutwa, hili la pili limebaki kwa sababu limechekesha. La tatu utafungiwa.

#10 Chumvi ya Mawe

Nimepata chaji. Kipande cha seli.

Seli shina ni seli ambayo haijachagua kazi. Wanazotumia zaidi kwenye mgongo zinatoka kwenye uboho wa mfupa, zinaitwa za mesenkaima. Maabara unaweza kuzielekeza ziwe mfupa, gegedu au mafuta. Wazo la mwanzo lilikuwa jepesi: diski imekosa wafanyakazi, tuwapeleke wafanyakazi.

Mwaka 2006 Haufe na Mork walijaribu kwa watu 10, wakatumia seli shina za damu. Hakuna hata mmoja aliyepata nafuu. Mwaka 2011 Orozco na wenzake wa Barcelona wakachoma seli za mesenkaima za wagonjwa wenyewe, watu 10 tena, na safari hii maumivu yakapungua ndani ya miezi 3 na maji kwenye kiini yakaongezeka kwenye MRI ya mwaka mmoja. Kimo cha diski hakikurudi. Watu 10, bila kundi la kulinganisha, lakini dunia ikachangamka.

Kampuni ya Mesoblast ya Australia ikaenda kwa ukubwa. Wagonjwa 404, seli milioni 6 kwa sindano moja, za mtu mwingine aliyejitolea. Baadhi walipewa seli zikiwa kwenye asidi ya hayaluroniki (ute mzito wa kuzibebea), baadhi seli peke yake, baadhi maji ya chumvi tu, na mgonjwa hajui amepewa nini. Matokeo yalitangazwa Februari 2021: lengo kuu walilojiwekea kabla ya kuanza, maumivu na uwezo wa kufanya kazi kwa pamoja, halikufikiwa. Ukitazama maumivu peke yake, waliopata seli pamoja na asidi ile walionekana afadhali, hasa ambao ugonjwa wao haukuwa wa miaka mingi. Kwa hiyo 2024 wakaanza jaribio jingine la watu 300. Hiyo ndiyo hali ya kampuni iliyotangulia wengi, bado inajaribu.

Ulaya nao walikuwa na lao, RESPINE, watu 114, nusu wakapewa seli za mtu mwingine aliyejitolea na nusu sindano ya kuigiza. Matokeo yalichapishwa 2024. Hakukuwa na madhara ya kutisha, lakini baada ya mwaka seli hazikuishinda sindano ya kuigiza.

Mjomba nilimsomea hiyo aya kwa simu. Akaniuliza, "Sindano ya kuigiza ni nini?" Nikamwambia ni sindano isiyo na kitu ndani, mjomba, na waliochomwa wengi nao walisema wamepata nafuu. Akanyamaza muda.

#11 Mwanasimba wa Mwanza

Mkuu mimi nakupinga. Shemeji yangu alichomwa sindano hizo hizo huko nje, alikuwa hawezi kuvaa viatu. Leo anacheza mpira wa maveterani. Sasa tafiti zako na macho yangu, niamini kipi?

#12 Chumvi ya Mawe

Amini macho yako, shemeji kapona. Swali ni nani kamponya.

Kama tatizo lake lilikuwa diski iliyochomoza na maumivu yanashuka mguuni, mwili wenyewe unakila kile kipande. Chiu na wenzake walipitia tafiti 2015: vipande vilivyokatika kabisa, asilimia 96 vilinywea au kutoweka vyenyewe. Vilivyochomoza vikiwa bado vimeshikilia, asilimia 70. Ndiyo, kile kinachotisha zaidi kwenye picha ndicho mwili unakishambulia haraka zaidi, kwa sababu kikitoka nje ya diski kinakutana na damu.

Na Uholanzi 2007, timu ya Peul ilichukua watu 283 wenye maumivu makali ya mguu, kundi moja likapasuliwa mapema, jingine likasubiri kwa dawa na ushauri, upasuaji ukawa wa mwisho. Asilimia 39 ya waliosubiri waliishia kupasuliwa. Lakini baada ya mwaka, pande zote mbili asilimia 95 walisema wamepona. Waliopasuliwa walipona haraka zaidi, hiyo ni haki yao, ukiumwa wiki ni mwaka.

Sasa mtu akichomwa sindano wiki ya kumi, akapona wiki ya kumi na nane, sifa anachukua aliyeshika bomba.

#13 Mwanasimba wa Mwanza

Yake ilikuwa ya kushuka mguuni kweli. Haya, endelea. Sijakubali ila endelea.

#14 Kitasa

Mimi swali langu ni la kijinga. Seli milioni 6 zinaingia halafu zinashindwa nini? Si ziko ndani?

#15 Chumvi ya Mawe

Si la kijinga hata kidogo, kuna watu wamelipatia shahada ya uzamivu.

Kwanza, hazibaki ndani. Kumbuka upepo wa pauni 330. Umetoboa tairi, umeingiza kitu, umechomoa sindano. Vadalà na wenzake 2012 walichoma seli kwenye diski za sungura, wakakuta seli zimevuja nje na pembeni kumeota vinundu vya mfupa vyenye seli zile ndani yake. Tundu lenyewe lina gharama pia: Carragee na wenzake 2009 waliwafuatilia watu waliochomwa sindano za uchunguzi tu kwenye diski, na baada ya miaka 10 diski zile zilikuwa zimechakaa zaidi kuliko za wenzao ambao hawakuchomwa.

Pili, zile zinazobaki. Rudini kwenye ule mlango. Nyumba ina sufuria moja ya pilau, waliomo tayari wanalala njaa, na wewe unaleta wageni. Seli zilizokuzwa maabara kwenye sukari tele na joto zuri unazitupa kwenye giza, uchachu, hakuna hewa. Nyingi hufa. Ndiyo maana kuna wanaotumia seli za diski yenyewe badala ya uboho, kama kampuni ya DiscGenics ya Utah, Marekani, kwa hoja kwamba mtoto wa uswahilini haogopi maisha ya uswahilini. Jaribio lao la kwanza Marekani lilikuwa na watu 60.

Kwa maoni yangu hapa ndipo matangazo yote yanapodanganya. Yanazungumza mbegu, mbegu, mbegu. Shamba halizungumzwi.

#16 Mama Zuhura

Na hiyo jeli uliyosema mwanzoni ni kama ile ya nywele?

#17 Chumvi ya Mawe

Mama, inashangaza lakini ni ukoo mmoja. Haidrojeli ni wavu wa molekuli ndefu zilizoshikana, wavu unanywa maji bila kuyeyuka. Chana pampasi ya mjukuu: zile chembe nyeupe zinazovimba na kushika mkojo ni haidrojeli. Lenzi laini za macho nazo. Alizianzisha Otto Wichterle wa Chekoslovakia, na mwaka 1961 alitengeneza lenzi jikoni kwake kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto. Huwa nakumbuka hilo kila nikisikia mtu analalamika hana vifaa.

Kiini cha diski chenyewe ni haidrojeli ya Mungu. Kwa hiyo wazo: tuweke jeli inayofanana nacho, ibebe uzito, na ikibidi ibebe seli pia, izishike zisivuje.

Wa kwanza walijaribu jeli peke yake. Miaka ya 1990 daktari Charles Ray wa Marekani alibuni kimto cha haidrojeli kilichovikwa nyuzi za plastiki, unakipandikiza kwa upasuaji, kinavimba kikinywa maji. Shida yake: baadhi viliteleza vikatoka mahali pake. Ndipo watu wakahamia kwenye jeli inayoingia ikiwa maji na kuganda humo ndani.

Hapa ndipo nilipotoa jasho. Alginati, kwa mfano, unaidondoshea kalsiamu inaganda hapo hapo, ukifanya kwa kichupa cha kudondoshea dawa ya macho unapata vishanga. (Watu wa Paje msishangilie, mwani wenu ni mwekundu, unatoa karajenani. Alginati ni ya mwani wa kahawia.) Kuna polima nyingine chini ya nyuzi 32 ni maji, ikipita hapo inaganda. Kule nilikosoma kwenye baridi ilikuwa raha. Hapa Dar mwezi wa pili bila kiyoyozi ingegandia kwenye bomba. Sheffield Hallam, Uingereza, kundi la Christine Le Maitre waliichanganya polima ya namna hiyo na chembe za udongo wa kutengenezwa uitwao Laponite, inapita kwenye sindano nyembamba halafu inatulia kwenye joto la mwili.

Lakini kila asubuhi nilikuta kesi ile ile. Jeli ngumu inayoweza kubeba mtu, seli zinabanwa humo zinakufa. Jeli laini ambayo seli zinaipenda, mashine ya kukandamiza ikiipiga usiku kucha, asubuhi ni uji. Mgongo wa mtu unakandamizwa maelfu ya mara kwa siku, mwaka hadi mwaka, na hauna likizo. Tulipika, tukapima, tukamwaga. Nilimwaga ndoo.

Kuna waliokata shauri kuachana na seli kabisa. Kampuni ya ReGelTec ya Baltimore ina jeli inaitwa Hydrafil, wanaipasha moto, wanaichoma kwenye diski, inapoa inakuwa kama raba laini. Watu 20 wa kwanza, matokeo yaliyotangazwa 2022: maumivu kutoka wastani wa 7.1 hadi 2.0 kwenye kipimo cha 10, ndani ya miezi 6. Inavutia. Ila ni watu 20 na hapakuwa na kundi la maji ya chumvi, na hapo juu mmeona sindano ya kuigiza inavyoweza kumshangaza mtu. Mimi binafsi kama ningewekeana dau na mtu, ningeweka kwenye jeli kabla ya seli. Inabeba uzito bila kudai chakula.

#18 Dereva wa Tunduma

Kwa hiyo seli shina ni utapeli kaka?

#19 Chumvi ya Mawe

Hapana. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanapandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu tangu 2023. Hizo ni seli shina na zinafanya kazi, kwa sababu zinarudi kwenye damu, nyumbani kwao, penye chakula. Kwenye diski bado ni utafiti, na utafiti wa kweli una alama moja rahisi: kwa kawaida mgonjwa halipii dawa inayojaribiwa kwake.

Wanaolipia ndio wanaonitisha. Mwaka 2016 jarida la tiba la New England liliripoti mwanamume aliyepata kiharusi, akaenda kuchomwa seli China, Argentina na Mexico, zikaingizwa kwenye majimaji ya uti wa mgongo. Likamwotea bonge ndani ya uti, akaanza kupoteza nguvu za miguu. Walipolipima, seli za bonge lile hazikuwa zake.

#20 Bi Mkunazi

Nilikuwa sijaisikia hiyo. Mjomba kasemaje sasa?

#21 Chumvi ya Mawe

Nilimwandikia maswali amtumie dalali: seli zinatoka kwa nani, zinachomwa ngapi, zinabebwa kwenye nini, jaribio lao limesajiliwa wapi, na likiota kitu nani anagharamia. Kayatuma jana saa tatu usiku, alama mbili za bluu.

Leo asubuhi dalali kajibu. Katuma picha ya jengo la hospitali lenye bustani na chemchemi ya maji mbele, na ujumbe wa sauti wa sekunde kumi: "Mzee, nafasi zimebaki mbili."

Mjomba kaisambaza picha hiyo kwenye kundi la ukoo akaandika chini yake: "Bustani nzuri." Halafu akauliza kama Bi Mkunazi wa kwenye simu yangu anapatikana Dar au ni mpaka Tanga.